Urefu wa Njia ya Kurukia Ndege katika Uwanja Mbadala: Suala la Kiufundi na Msamiati Wake katika Kiswahili

Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto mkubwa ulizuka katika jengo la abiria wanaowasili kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Uwanja ulifungwa, na ndege zilizokuwa tayari angani zikielekea huko zikalazimika kutafuta mahali pengine pa kutua. Baadhi yake zilielekezwa Mombasa. Katika hali kama hiyo kuna swali ambalo huwajia watu wengi, wawe abiria au wasikilizaji wa habari: je, uwanja huo mwingine una njia ndefu ya kuitosha ndege kubwa?

Swali hilo ni la haki, ila limeulizwa nusu. Linachukulia kwamba kila aina ya ndege ina urefu wake mmoja wa njia unaoitosha, kama vile mtu alivyo na saizi yake ya kiatu. Makala haya yanadai kwamba sivyo. Urefu unaotosha hutegemea jambo ambalo ndege inataka kulitenda, yaani kutua au kuruka. Hutegemea uzito wake katika saa ile. Hutegemea pia mwinuko wa mahali, joto la hewa na hali ya lami. Ndege ile ile yaweza kutua salama katika uwanja ambamo haiwezi kamwe kuruka ikiwa imejaa. Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha hali hizi mbili, lakini matumizi ya kila siku yamezoea kuzichanganya.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Ni kweli kwamba katika safari za kimataifa rubani na mwongozaji wa ndege aliye mnarani huwasiliana zaidi kwa Kiingereza. Hata hivyo, kazi ya Kiswahili huanza pale habari inapotoka katika chumba cha rubani na kumfikia abiria, mwandishi wa habari, mbunge anayejadili bajeti ya upanuzi wa uwanja, na mwananchi ambaye shamba lake linatakiwa ili njia iongezwe mita mia tano. Mwananchi huyo akiambiwa kwamba ndege kubwa haziwezi kutua hapo, ilhali ukweli ni kwamba zinaweza kutua lakini haziwezi kuruka zikiwa na mafuta ya kuzifikisha Ulaya, basi ametakiwa kuamua juu ya ardhi yake kwa kutumia sentensi isiyo ya kweli.

Jina linalotaja nusu ya kazi

Istilahi iliyozoeleka zaidi nchini Kenya ni njia ya kurukia au barabara ya kurukia ndege. Upande wa Tanzania husikika vilevile njia ya kuruka na kutua ndege. (Huko, aghalabu, uwanja wenyewe huitwa kiwanja cha ndege, ingawa wingi wa maneno yote mawili katika matumizi haya hukutana kwenye viwanja.) Tofauti kati ya majina haya ni ndogo kwa sikio, lakini ina uzito kwa maana.

Kitenzi ruka kimeongezewa kiambishi cha kutendea kikawa rukia, na hapo kikaeleza mahali au chombo cha kutendea: kisu cha kukatia, chungu cha kupikia, njia ya kurukia. Mtu angetarajia kwamba kitenzi tua nacho kingefuata mkondo huo na kuzaa njia ya kutulia. Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni kwamba tulia ni neno lenye maisha yake tayari. Maana ya kuwa na utulivu imekita mizizi kiasi kwamba njia ya kutulia ingemfanya msikilizaji afikirie kibaraza cha kupumzikia. Inaelekea ndiyo sababu istilahi ikaegemea upande wa kuruka. Matokeo yake ni kwamba jina la sehemu hii ya uwanja limebeba nusu ya kazi yake, na katika suala la uwanja mbadala, nusu iliyoachwa ndiyo inayotakiwa kwanza.

Neno tua lenyewe lina utajiri unaostahili kutazamwa. Mchukuzi hutua mzigo. Nahodha huliteremsha tanga, na katika lugha ya mabaharia wa pwani hiyo ni kulitua, kinyume cha kulitweka. Jua hutua. Neno kituo, mahali pa kukomea, lina mzizi huo huo. Katika matumizi yote haya kuna dhana ya uzito kushushwa na mwendo kukoma, na kwa hakika hayo ndiyo mambo mawili anayoyahesabu rubani anapoitazama njia iliyo mbele yake: ana uzito gani, na atakoma wapi.

Kuruka

Ni vyema kuanza na kuruka, kwa kuwa ndiko kunakodai urefu mkubwa zaidi. Ndege kubwa inapoanza safari ndefu hubeba mafuta yanayoweza kukaribia nusu ya uzito wake wote. Boeing 777-300ER, mathalan, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa hadi tani 351 na ushei. Ili kuuinua uzito huo lazima ifikie kasi kubwa juu ya lami, na kasi hiyo haipatikani ghafla. Katika usawa wa bahari na hali ya hewa ya kawaida, ndege hiyo ikiwa imejaa kabisa huhitaji njia ya takribani mita 3,000.

Hata hivyo, umbali huo haupimwi kwa kuangalia tu mahali ambapo magurudumu yanaiacha lami. Kanuni za usafiri wa anga zinamtaka rubani ajiulize: injini moja ikizimika katikati ya mbio, itakuwaje? Kwa hiyo kila mruko hupangiwa kasi ya uamuzi. Kabla ya kasi hiyo kufikiwa, ndege iliyopatwa na hitilafu lazima iweze kusimama ndani ya njia iliyobaki. Baada ya hapo lazima iweze kuendelea kukimbia na kupaa kwa injini iliyosalia. Njia ikiwa fupi mno hubaki kipande cha mbio ambamo haiwezekani kusimama wala kuendelea. Hapo hakuna dawa nyingine ila kupunguza uzito: mafuta, mizigo au watu.

Inafaa kuzingatia pia kwamba kuruka na kupaa si kitu kimoja. Ndege yaweza kuruka, yaani kuiacha ardhi, kisha ikashindwa kupaa vya kutosha kuvipita vilima vilivyo mbele. Mtafsiri anayetumia maneno haya mawili kama visawe hupoteza tofauti ambayo wahandisi wanaihesabu kwa makini sana.

Kutua

Kutua kuna hesabu yake. Ndege huchukuliwa kuwa imevuka kizingiti cha njia ikiwa juu kwa futi 50, yaani takribani mita 15, na umbali hupimwa tangu hapo hadi inaposimama. Vipo vitu vitatu vya kuisimamisha: breki za magurudumu, vibao vinavyoinuka juu ya mabawa ili kuua nguvu ya kuelea na kuukandamiza uzito kwenye magurudumu, na mitambo inayougeuza msukumo wa injini uelekee mbele. Katika vipimo vya kuidhinisha ndege kwenye lami kavu, hicho cha tatu hakihesabiwi. Kikifanya kazi, ni faida ya ziada.

Umbali uliopatikana kwenye majaribio hautumiwi hivyo hivyo. Kabla ndege ya jeti ya abiria haijaondoka, wapangaji wa safari hutakiwa kuhakikisha kwamba itaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia inayokusudiwa. Ikitazamiwa kwamba lami itakuwa na maji, urefu unaotakiwa huongezwa kwa asilimia 15. Mfano wa Mombasa utalidhihirisha jambo hili. Njia kuu ya Uwanja wa Kimataifa wa Moi ina urefu wa mita 3,350. Katika hali kavu, ndege inayopangiwa kutua huko lazima iwe na uwezo wa kusimama ndani ya mita 2,010. Mvua ikitazamiwa, kiasi hicho hushuka hadi mita 1,750 hivi. Mita zinazosalia zimewekewa upepo uliogeuka ghafla, mkono uliochelewa, na magurudumu yaliyogusa chini mbele ya mahali palipokusudiwa. Mtu asiyejua kanuni hii akizisoma takwimu za uwanja anaweza kudhani kwamba kuna urefu mwingi unaopotea bure.

Kanuni hiyo ya asilimia 60 ni ya mpango wa safari kabla ya kuondoka. Mambo yakibadilika angani, rubani hukokotoa upya umbali kwa hali halisi ya wakati ule, na mazoea yaliyokubalika ni kuongeza angalau asilimia 15 juu ya umbali alioupata. Katika dharura ya kweli, ndege inapoungua moto au inapopungukiwa na mafuta, ana ruhusa ya kuuacha hata ukingo huo. Sheria imekubali kwamba njia fupi ni bora kuliko kukosa njia.

Jambo la uzito linarudi hapa kwa sura nyingine. Ile Boeing 777-300ER inayoruhusiwa kuruka na tani 351 hairuhusiwi, katika hali ya kawaida, kutua ikiwa na zaidi ya tani 251. Kati ya uzito huu na ule kuna tani 100, ambazo ni mafuta yanayotarajiwa kuchomwa njiani. Safari ikienda ilivyopangwa, ndege hufika ikiwa nyepesi, na mahitaji yake ya njia yamepungua sana. Ndiyo maana uwanja mbadala ulio karibu na mwisho wa safari hauhitaji kuwa na njia ndefu kama ya uwanja ulikoanzia safari. Lakini hitilafu ikitokea dakika kumi baada ya kuruka, ndege ingali na shehena yake yote. Rubani ana njia tatu: kuzunguka angani hadi mafuta yapungue, kuyamwaga angani ikiwa ndege yake ina mfumo wa kufanya hivyo, au kutua na uzito uliozidi na kuwaachia mafundi kazi ya kuikagua ndege baadaye.

Njia ya tatu ilionekana Singapore tarehe 4 Novemba 2010. Airbus A380 ya shirika la Qantas, iliyokuwa ikielekea Sydney na watu 469, ilipasukiwa na injini moja muda mfupi baada ya kuondoka. Vipande vya chuma vilikata nyaya na mabomba ndani ya bawa. Mfumo wa kumwaga mafuta haukutumika, na breki pamoja na vibao vya mabawa vilikuwa vimepungukiwa na uwezo. Ndege ilirudi Changi ikiwa imezidi uzito wa kutua kwa takribani tani 50. Hesabu za marubani zilionyesha kwamba katika njia yenye mita 4,000 wangebakiza kama mita 100. Ilisimama ikiwa imesaza takribani mita 150. Ndege hiyo hiyo, ikiwa nzima na yenye uzito wa kawaida, isingehitaji hata nusu ya tahadhari hiyo katika njia ile.

Mwinuko na joto

Msomaji wa Kenya ana sababu ya pekee ya kulitazama suala la mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Bawa linahitaji kiasi kile kile cha hewa kupita juu yake ili liuinue uzito ule ule. Hewa ikiwa nyepesi, kinachobaki ni kuongeza mwendo. Ndege inayotua Nairobi, ingawa kipima kasi cha rubani kinasoma kama kawaida, inaikimbilia ardhi kwa kasi iliyozidi ile ya Mombasa kwa takribani asilimia 8. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo breki zina kazi iliyozidi kwa asilimia 17 hivi.

Wakati wa kuruka hasara ni maradufu, maana injini nazo hupumua hewa ile ile nyepesi na kutoa msukumo mdogo. Joto la mchana huzidisha yote hayo. Hii ndiyo sababu njia ya Nairobi ina urefu wa takribani mita 4,100 ilhali Mombasa inatosheka na mita 3,350. Eldoret, ambako mwinuko unapita mita 2,100, kuna njia ya kilomita tatu na nusu hivi. Mtu akizilinganisha tarakimu tupu atasema Eldoret ni uwanja mkubwa kuliko Mombasa. Kwa ndege iliyojaa mafuta inayotaka kuruka saa nane mchana, Mombasa ndiyo iliyo ndefu. Tarakimu ya mita isiyoandamana na mwinuko wa mahali ni nusu ya habari, na kwa bahati mbaya ndivyo inavyotangazwa mara nyingi.

Uwanja mbadala na uwanja wa dharura

Istilahi mbili hutumiwa kiholela katika magazeti na redio: uwanja mbadala na uwanja wa dharura. Inapendekezwa hapa kwamba zitenganishwe. Uwanja mbadala ni ule uliotajwa katika mpango wa safari kabla ndege haijaondoka. Wapangaji wameuchunguza: urefu wa njia, hali ya hewa inayotazamiwa, saa za kufunguliwa, vifaa vya zimamoto. Mafuta ya kuufikia yamewekwa ndani ya ndege tayari. Rubani anapoelekea huko kwa sababu ya ukungu au njia iliyozibwa, anatekeleza sehemu ya mpango. Uwanja wa dharura ni popote panapoweza kumpokea aliyekosa hiari.

Kwa ndege za injini mbili, ambazo leo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya safari za mbali, viwanja mbadala vya njiani vina umuhimu zaidi. Kanuni ya asili iliwataka wasafiri wa anga wasiende mbali na uwanja unaofaa zaidi ya dakika 60 za kuruka kwa injini moja. Mwaka 1985 muda huo uliongezwa hadi dakika 120 kwa ndege zilizothibitishwa, na mwaka 1988 hadi 180. Baadaye zimekuwako ndege zilizoidhinishwa kwa zaidi ya dakika 300. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa Boeing 787, abiria wa Kenya amekuwa akiivuka Atlantiki kwa kutegemea kanuni hizi, iwe anazijua au hazijui. Urefu unaotakiwa katika viwanja hivyo vya njiani ni ule wa kutua. Namna ya kuondoka tena ni shauri la baadaye.

Vyombo vya habari vinapoita kila tukio la namna hii kutua kwa dharura, vinamtia hofu jamaa anayesubiri uwanjani bila sababu. Vibaya zaidi, siku ya dharura ya kweli neno litakuwa limekwisha makali. Ndege iliyoelekezwa kwingine kwa ajili ya ukungu imebadilishiwa mahali pa kutua. Basi na isemwe hivyo.

Arusha, Desemba 2013

Hakuna tukio la karibu na msomaji wa Afrika Mashariki linaloonyesha pengo la kutua na kuruka kuliko lile la tarehe 18 Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa ikielekea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wenye njia ya takribani mita 3,600. Njia hiyo ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika. Ile kubwa ikaishia kutua katika uwanja wa Arusha, umbali wa takribani kilomita 50, uwanja wa ndege ndogo za abiria na watalii, wenye njia ya mita 1,620 tu.

Mtu akitumia ile kanuni ya mpango wa safari atapata kwamba asilimia 60 ya mita 1,620 ni mita 972. Hakuna mpangaji ambaye angeiandikia ndege ya namna hiyo uwanja huo. Hata hivyo ilisimama, magurudumu yakiwa yametoka kwenye lami mwishoni mwa njia na kuzama nyasini, na hakuna aliyepoteza maisha. Kisha yakajitokeza yale ambayo kipimo cha urefu hakiyasemi. Arusha haikuwa na ngazi ya kuufikia mlango wa ndege ndefu kiasi hicho, na abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kabla ya kushushwa. Siku chache baadaye ndege iliondoka ikiwa nyepesi, bila abiria. Njia ile iliyoipokea na watu wake isingeweza kuirusha na watu hao pamoja na mafuta ya safari ndefu. Mwandishi wa habari aliyetaka kuwa mkweli angesema kwamba uwanja ulitosha kutua kwa shida, na kuruka kwa masharti.

Yasiyopimwa kwa mita

Mbali na urefu, lami yenyewe ina nguvu yake. Uzito wa ndege kubwa hugawanywa kwenye magurudumu mengi ili usiizamishe njia, na kila uwanja hutangaza kiwango cha ugumu wa lami yake ili kilinganishwe na mzigo wa ndege. Mfumo wa kimataifa wa ulinganishi huo ulibadilishwa mwezi Novemba 2024. Ndege moja iliyozidi kiwango, mara moja, kwa kawaida haiharibu kitu. Ndege ishirini kwa wiki ni habari nyingine. Kuna pia upana wa njia, kwani ndege ndefu iliyofika mwisho wa njia isiyo na mahali pa kugeuzia hubaki hapo hadi ivutwe, na huku imewafungia wengine mlango.

Tarehe 30 Septemba 2017 A380 ya Air France iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Los Angeles iliharibikiwa na injini ikielekezwa Goose Bay, mashariki mwa Kanada. Njia ilikuwa na urefu wa kutosha. Kilichokosekana ni jengo la kuwapokea watu zaidi ya 500, na abiria wakabaki ndani ya ndege kwa saa nyingi wakisubiri ndege nyingine zije kuwachukua. Miaka kumi na sita kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 za abiria zenye watu takribani 6,600 zilitua Gander, katika kisiwa cha Newfoundland. Njia ya mita 3,100 hivi ilikuwapo kwa sababu Gander ilijengwa katika miaka ya 1930 kuwa kituo cha ndege zinazovuka Atlantiki, zama ambazo ndege hazikuweza kuvuka bila kuongeza mafuta. Wenyeji wa mji huo, ambao hawakuzidi elfu kumi na ushei, waliwalaza wageni mashuleni na makanisani. Kwa Kiswahili neno kituo linaufaa uwanja wa aina hiyo kuliko neno lolote la kisasa: ni mahali palipowekwa ili mzigo utuliwe.

Vipimo na mtafsiri

Imebaki hoja moja inayomgusa mwanafunzi wa tafsiri moja kwa moja. Urefu wa njia hutangazwa kwa mita katika nchi nyingi na kwa futi katika nyingine. Mwinuko hutangazwa kwa futi karibu kote. Uzito huandikwa kwa kilo hapa na kwa ratili kule. Mtafsiri wa habari za ndege hukutana na vipimo hivi katika aya moja.

Hatari ya kuvichanganya si ya kinadharia. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa juu angani kati ya Ottawa na Edmonton. Vipima mafuta vya ndege hiyo vilikuwa vibovu, hivyo mafuta yalikadiriwa kwa mkono, na katika kugeuza lita kuwa uzito ilitumika namba ya ratili mahali palipotakiwa namba ya kilo. Ndege ilikuwa imebeba chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Rubani Robert Pearson aliielekeza, injini zote mbili zikiwa zimezimika, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Njia yake, ya takribani mita 2,070, ilikuwa imeachwa kutumiwa na ndege na kugeuzwa mahali pa mashindano ya magari, na siku hiyo palikuwa na watu. Ndege ilitua, gurudumu la mbele likakunjika, na pua ikaburura kwenye lami hadi ikasimama. Watu 69 waliokuwamo wote walinusurika. Haikuwa na mafuta, kwa hiyo ilikuwa nyepesi. Na kule kukwaruza kwa pua kulisaidia kuipunguzia kasi. Njia ya Gimli isingekuwa chaguo la mpangaji yeyote wa safari.

Mtafsiri anayepokea habari kwamba uwanja fulani una njia ya 8,000 hana budi kuuliza ni 8,000 ya nini kabla ya kuandika neno moja. Zikiwa ni futi, ni mita 2,438, na si vyema kuziandika kama mita 2,400 katika makala ya kiufundi ilhali zile 38 zaweza kuwa ndizo zilizobaki mbele ya gurudumu. Kisha aulize mwinuko. Kisha aulize kama habari inahusu kutua au kuruka, na kama ni kuruka, kwa safari ya kwenda wapi. Maswali hayo matatu hujibiwa kwa simu moja kwa ofisi ya uwanja, na sentensi itakayotoka humo haitazidi mistari miwili: kwamba ndege ya aina hii inaweza kutua hapa ikiwa imefika na uzito wa kawaida, na kwamba ili iruke mchana kwenda mbali kuliko Johannesburg, ni lazima iache sehemu ya shehena yake.